Vitambaa Vyekundu vya Hildegarda Lupakisyo

Hildegarda Lupakisyo alinyang'anywa ufunguo wa karakana kwa ajali ambayo yeye ndiye mtu pekee chuoni aliyekuwa amejitahidi kuizuia. Ilikuwa Novemba 2024. Aliitwa mzembe mbele ya wanafunzi aliowafundisha kushika tupa na nyundo, na mlango wa karakana aliyoianzisha ukatiwa kufuli jipya. Waliomwita hivyo ni watu wenye shahada. Ninayo shahada mimi pia, na nilikuwapo, kwa hiyo naandika haya kwa utulivu kadiri ninavyoweza.

Chuo chetu kipo pembezoni mwa mji wa Kilosa. Ukitoka sokoni kwa bodaboda unavuka reli ya zamani, unapita mashamba ya mahindi, kisha unaliona bati jekundu la ghala ambalo zamani liliwekwa magunia ya mkonge. Ghala hilo ndilo karakana. Kwenye kibao cha mlangoni kumeandikwa Kituo cha Ubunifu cha Wanafunzi, lakini sijawahi kumsikia mwanafunzi akilitaja jina hilo. Husema tu, "Naenda kwa Hilda."

Kwa Hilda kulikuwa na meza mbili ndefu za mninga, cherehani, mashine ya kuchomelea, drili, grenda ya kukatia chuma, kompyuta moja, na mashine ndogo ya kuchapa vitu vya plastiki ambayo chuo kilipewa msaada na ambayo kwa mwaka mzima ilikaa ofisini ikiwa imefunikwa kitambaa kilichodariziwa kama redio ya bibi harusi. Hilda aliiomba, akaihamisha, akaifunua. Baada ya vipindi, mwanafunzi yeyote aliruhusiwa kuingia, awe wa umeme, wa kilimo, wa ushonaji au wa uashi. Hakuulizwa ana alama gani. Aliulizwa anataka kutengeneza nini. Mle ndani nimeona kikaushio cha mbogamboga kilichotokana na mlango wa friji bovu, mashine ya kupukuchua mahindi inayoendeshwa kwa pedeli za baiskeli, na kiti cha magurudumu alichotengenezewa fundi viatu wa hapo jirani. Nimeona pia mambo mengi yaliyoshindikana, nayo Hilda aliyapa nafasi kwenye rafu kama yale yaliyofaulu.

Hakuwa mwalimu. Katika orodha ya watumishi aliitwa fundi wa karakana. Alikuwa na miaka thelathini na kitu, mfupi, mwenye mikono mipana, na alizungumza polepole kama mtu anayepima ubao kabla ya kuukata.

Alizaliwa katika nyumba za reli hapo mjini. Babu yake, Mzee Lupakisyo, alitoka Rungwe akiwa kijana kuja kufanya kazi katika gengi la reli, lile kundi la watu waliotembea juu ya njia kila siku wakikagua mataruma yanayobeba reli na kukaza misumari. Hakurudi kwao. Alioa hapa, akalima hapa, akastaafu hapa, na hata leo anaishi umbali wa kusikia honi ya treni. Mama yake Hilda alihamia Mikumi, kwenye barabara kuu, akawa anawapikia wali madereva wa malori na abiria wa mabasi, na Hilda akakulia kati ya miji hiyo miwili: muhula kwa babu, likizo kwa mama.

Nyuma ya jiko la mama yake palikuwa na gereji ya mtu aitwaye Obed, aliyetengeneza magari ya kupeleka watalii mbugani. Hilda alikuwa akipeleka chakula cha mchana, na chakula kikishaliwa alikuwa harudi jikoni.

"Binti, hapa si jikoni," Obed alimwambia siku moja.

"Naona, mjomba. Jikoni vitu hurudishwa mahali pake."

Obed alicheka hadi akaketi. Kuanzia siku hiyo kazi ya kupanga spana ikawa ya Hilda. Baada ya spana zikaja plagi, kisha breki, kisha kuchomelea. Alipomaliza kidato cha nne akasomea ufundi wa vyuma, akarudi Mikumi akafanya kazi kwa Obed miaka kadhaa, na wageni wengi walioingia mbugani kuwatazama tembo hawakujua kwamba breki za gari lao zilikuwa zimekazwa na msichana mmoja tu wa gereji ile. Alipoajiriwa Kilosa na kuoneshwa ghala lenye popo na viti vilivyovunjika, aliomba kitu kimoja tu: asifundishwe namna ya kulipanga.

Sasa nieleze habari ya vitambaa, maana bila hivyo hadithi hii haieleweki.

Mzee Lupakisyo alimlea mjukuu wake kwa masimulizi ya gengi. Mtu wa gengi akiona ufa kwenye reli, au taruma lililooza, alifunga kitambaa chekundu mahali hapo na kusimamisha treni. Hakuna aliyeulizwa ufa umesababishwa na nani. Ingeulizwa hivyo, alisema mzee, kila mtu angeupita kama hajauona. Na aliyekifunga kitambaa ndiye aliyepaswa kukifungua, kwa mkono wake, baada ya kuona kwa macho yake kwamba njia imetengenezwa. Hata mnyapara hakuruhusiwa kukigusa.

Hilda aliichukua kanuni hiyo nzima nzima akaileta karakana. Kwaya ya parokia yake ilikuwa imebadilisha sare, akapewa majoho mekundu yaliyochakaa, akayachana vipande vyembamba na kuvitundika kwenye msumari karibu na mlango. Mwanafunzi akivunja kitu, au akiona kimevunjika, alichukua kipande akakifunga. Hakupigwa faini, hakuandikiwa onyo, hakusemwa. Hilda alikuja, akaangalia, akamwita aliyefunga, wakatengeneza pamoja, kisha aliyefunga akafungua. Kwenye vifaa vya umeme kitambaa kilifungwa kwenye plagi yenyewe, kikazungushwa kwenye vyuma vyake, ili mtu asiweze kuichomeka ukutani bila kwanza kukifungua.

Wanafunzi waliipenda kanuni hiyo kwa sababu iliwaondolea hofu. Nimefundisha vyuo vitatu, na kote nimekuta vifaa vilivyovunjika vimerudishwa kabatini kimyakimya, uso wake mzima ukiangalia mbele, vikimsubiri mtu mwingine. Kwa Hilda sikuwahi kuona hilo. Ndiyo sababu ukiingia karakana yake kwa mara ya kwanza ungedhani kila kitu ni kibovu. Vyuo vingine vilikuwa na ubovu kama ule ule. Tofauti ni kwamba wake ulionekana.

Mwezi ule wa Novemba tulitarajia wageni. Hoteli moja ya watalii ya Mikumi ilikuwa imeona twiga wa bati aliyekatwa na mwanafunzi aitwaye Masunga Mashauri, mtoto wa familia ya wafugaji waliohamia kata ya Mvumi kutoka kanda ya ziwa. Twiga yule alikuwa na urefu wa mtu mzima, na madoa yake yalikatwa yakawa matundu ya kupitisha mwanga. Wenye hoteli walitaka kuja kuona wanafunzi wanavyofanya kazi, na huenda wangeagiza wanyama wa kupanga langoni kwao. Chuo kizima kilipakwa chokaa.

Makamu Mkuu wa Chuo, Mwalimu Fortunatus, alipita karakana siku chache kabla ya ugeni. Nilikuwa mle nikisubiri kushonewa zipu ya mkoba, kwa hiyo niliyasikia mazungumzo yao yote.

"Hilda, hivi vitambaa vitoke."

"Vitatoka, mwalimu. Swichi ya grenda nimeagiza Morogoro, ikifika tu."

"Sisemi vitengenezwe. Nasema vitoke. Wageni wakiingia humu wataona nini? Drili ina kitambaa, grenda ina kitambaa, hata kiti kina kitambaa."

"Kiti kimelegea mguu."

"Hiki ni chuo, mama. Si kilinge cha mganga."

Wanafunzi wawili walicheka kwa adabu, kama wanavyocheka wanafunzi mbele ya mkubwa. Hilda hakucheka.

"Hivi vimetoka kwenye joho la kwaya, mwalimu," alisema. "Na ile grenda swichi yake imekwama ikiwa imewashwa. Ukiichomeka tu inaanza, hata kama iko mezani peke yake. Nikitoa kitambaa, mtoto ataichomeka."

"Basi ifiche."

"Nikiificha watakaa bila kujua imeharibika. Siku nikisafiri watatoboa kabati wakidhani nimewanyima."

Mwalimu Fortunatus alisema atalifikiria, akatoka. Wasomaji wangu walikumbuke jambo hilo. Aliambiwa. Aliambiwa kwa Kiswahili fasaha, mchana, mbele ya watu, kwamba grenda ile ikichomekwa itaanza yenyewe.

Siku ya ugeni, asubuhi, Hilda alitumwa Mikumi kuwapokea wageni kwa kuwa aliwafahamu. Aliyemtuma ni Mwalimu Fortunatus. Alipokuwa njiani, mwalimu alimwita Jackline, mwenyekiti wa klabu ya ubunifu, akamwambia asafishe karakana na "yale matambara yote" yaende shimoni. Jackline alivifungua vyote, akavitia kwenye mfuko, vikachomwa pamoja na majani ya bustani. Haya tuliyajua baadaye. Siku ile hatukujua chochote, tuliona tu karakana imependeza.

Wageni walifika wakiwa na Hilda, wakapewa soda, wakaongozwa ghalani. Kabla hajaingia, Hilda aliombwa arudi garini kuleta sanduku lao la vielelezo. Masunga aliombwa awaoneshe wageni anavyokata bati. Alivaa miwani ya kinga, maana kwa Hilda hakuna aliyegusa chuma bila miwani, akaliweka bati sawa kwa mkono wa kushoto na kuchomeka plagi kwa mkono wa kulia.

Hilda alikuwa uani, sanduku likiwa kichwani, aliposikia mlio. Aliniambia baadaye kuwa hakuhitaji kuona. Mashine ile haikupaswa kulia kabisa. Alilitua sanduku chini akakimbia.

Grenda ilikuwa imeruka mezani kama mnyama aliyeshtuliwa, ikampitia Masunga mkono wa kushoto, kiganjani na vidoleni, kisha ikaanguka ikajizungusha sakafuni hadi Hilda alipoingia na kung'oa waya ukutani. Alimfunga kijana kwa kanga ya mama mmoja aliyekuwa akihudumia wageni, akaenda naye hospitali kwenye gari la wageni wale wale. Macho ya Masunga yalisalimika kwa sababu ya miwani. Vidole viwili havikusalimika vizuri: vipo, lakini havikunjiki.

Kikao cha nidhamu kilikaa kesho yake. Mkuu wa chuo, Dakta Hezekia, alikuwa masomoni nje ya mkoa, na Mwalimu Fortunatus ndiye aliyekalia kiti.

"Kifaa kibovu kiliachwa mezani bila alama yoyote," alisema. "Wageni wote ni mashahidi."

"Niliifunga kitambaa, mwalimu."

"Kiko wapi?"

Hilda alitazama mezani, ukutani, kwenye nyuso za wanafunzi waliokuwa wameitwa. Hakuna aliyeinua macho. Jackline alikuwa mstari wa pili. Alikuwa akisubiri saini ya Mwalimu Fortunatus ili apelekwe kwenye mafunzo kwa vitendo, nafasi aliyoihangaikia mwaka mzima, na alikuwa na umri wa miaka ishirini. Nasema hivyo ili aeleweke.

Nilisimama nikaeleza mazungumzo ya zipu na kilinge. Nilijibiwa kuwa mazungumzo ya wiki iliyopita hayathibitishi hali ya meza ya jana, na kwamba walimu wa stadi za mawasiliano tunajulikana kwa kupenda maneno. Watu walicheka kidogo. Hilda aliuweka ufunguo juu ya meza, taratibu, jino likiwa limeelekea kwake kama alivyowafundisha wanafunzi kumpa mtu kisu, akatoka.

Alikwenda kwa babu yake. Mzee Lupakisyo alikuwa barazani akipepeta maharage.

"Shikamoo babu."

"Marahaba, mke wangu. Mbona mapema? Umeachika?"

"Nimeachika kazini."

Mzee aliweka ungo chini. Hilda alimsimulia yote, na habari ilipofika mwisho mzee aliuliza kwanza: "Kitambaa ulikifunga wewe mwenyewe?"

"Mimi mwenyewe."

"Na wewe hukukifungua."

"Sikukifungua, babu."

"Basi kalale. Lakini yule kijana, umekwenda kwao?"

Hakuwa amekwenda. Siku zilizofuata alimtembelea Masunga hospitalini, lakini kwa wazazi hakufika, hadi kijana akaruhusiwa kurudi nyumbani. Hilda aliogopa. Huko Mvumi walikuwa wameambiwa na chuo kuwa fundi wa karakana ndiye aliyemkata mtoto wao kwa uzembe. Aliniomba nimsindikize, kwa kuwa mtu hapeleki pole peke yake. Tulinunua sukari na sabuni, tukapanda bodaboda mbili.

Mji wa Mzee Mashauri ulikuwa mpana, umefagiliwa, na nyuma yake zizi la ng'ombe lenye ua wa miiba. Mzee alikuwa mrefu, mkavu, na aliitikia shikamoo zetu bila kunyanyuka. Mkewe alipokea sukari na kutuletea viti.

"Ndiye wewe," Mzee Mashauri alisema tulipoketi.

"Ndiye mimi, baba. Nimekuja kutoa pole."

"Pole nimeisikia. Mkono wa kushikia kamba ya ng'ombe ndio huo uliokatwa. Huko kwenu Rungwe mnafuga ndizi, hamwezi kujua."

"Ndizi nazo hukimbia, baba, ukichelewa kuzivuna," Hilda alijibu kwa sauti ndogo.

Mama yake Masunga alificha mdomo kwa kanga. Mzee hakucheka, lakini alimtazama Hilda kwa mara ya kwanza tangu tuketi. Masunga akatoka ndani, mkono umefungwa bandeji hadi kwenye kiwiko, akatuamkia.

Hilda hakujitetea. Alimuuliza hali, akamuuliza kama vidole vinauma usiku, akamwomba ajaribu kuvikunja, akaona haviwezi. Kisha akauliza, "Masunga, ulipoishika ile grenda, uliona kitambaa?"

"Hakikuwepo, dada."

"Na siku ya kabla yake?"

"Kilikuwepo. Nilikiona mwenyewe jioni."

"Sasa ukachomeka kwa nini?"

Masunga alimtazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini alipumua. "Si kilikuwa kimetoka? Kwako kitambaa hakitoki mpaka kitu kimepona. Nikajua umetengeneza usiku."

Hapo nilimwona Hilda akiinamisha kichwa. Machozi hayakumtoka siku ya kikao, hayakumtoka kwa babu yake, yalimtoka pale. Kijana yule alikuwa ameumia kwa sababu alikuwa na imani naye, na mtu mwingine ndiye aliyeitumia imani hiyo kama kitu cha kufagia.

Mzee Mashauri aliuliza habari ya kitambaa. Masunga akamweleza, mara kwa Kiswahili, mara kwa Kisukuma. Mzee alisikiliza, akageuka kulitazama zizi lake.

"Asubuhi nikikuta miiba ya lango iko pembeni na ng'ombe wako kwenye mahindi ya watu," alisema, "mimi simuulizi aliyefunga jioni. Namtafuta aliyefungua. Huko chuoni mmemtafuta?"

"Hapana, baba," nilijibu mimi.

"Mnasoma nini huko?"



Dakta Hezekia alirudi kutoka masomoni baada ya likizo ya mwisho wa mwaka. Mzee Mashauri alikuwa amekwishapeleka ujumbe kwamba yeye na mwanawe wanaomba kusikilizwa, na Mkuu aliitisha kikao upya, mapema Machi. Tulikuwa wale wale ukumbini, pamoja na Mzee Mashauri na mwanawe, isipokuwa sasa Mwalimu Fortunatus alikaa pembeni. Hilda aliitwa kutoka Mikumi, ambako alikuwa amerudi kukaza breki za Obed.

Masunga alisimama akarudia maneno aliyotuambia nyumbani kwao: jana yake kitambaa kilikuwepo, siku ile hakikuwepo, akaamini grenda imepona. Hakuongeza chumvi. Alipoketi, mkono wake wa kushoto aliuweka juu ya meza, na vidole viwili vikabaki vimenyooka.

"Nani alikifungua?" Dakta Hezekia aliuliza.

Mwalimu Fortunatus alikohoa. "Mheshimiwa Mkuu, tuwe waangalifu. Huenda hakikuwepo tangu mwanzo. Mwenyekiti wa klabu ya ubunifu yupo hapa, ndiye aliyefanya usafi asubuhi ile. Jackline, waeleze. Ulikuta alama yoyote ya hatari mezani?"

Nadhani aliamini kabisa kwamba angejibiwa hapana. Miezi mitatu ya ukimya wa binti yule ilikuwa imemzoesha. Jackline alisimama. Alivitazama vidole vya Masunga, si uso wake.

"Nilikuta vitambaa kumi na kitu," alisema. "Kimoja kilikuwa kwenye plagi ya grenda. Kilifungwa kwa nguvu, nikakifungua kwa meno."



"Kwa nini ulikifungua?" Dakta Hezekia aliuliza.

"Niliambiwa."

"Na nani?"

"Na Mwalimu Fortunatus."

"Nilikwambia usafishe," Mwalimu Fortunatus alisema. "Sikukwambia ufungue plagi za watu."

"Ulisema yale matambara yote yaende shimoni, mwalimu. Ulisema chuo si kilinge." Sauti yake ilitetemeka, lakini haikukatika. "Dada Hilda, nisamehe. Masunga, nisamehe."

Masunga alivuta kiti kilichokuwa karibu naye, akakigonga kwa mkono mzima. "Njoo ukae," alisema. "Unatetemeka kama mbuzi aliyenyeshewa." Watu wakacheka, na safari hii hakikuwa kicheko cha adabu. Mzee Mashauri naye alicheka, meno yote nje.

Dakta Hezekia alimuuliza Mwalimu Fortunatus swali moja la mwisho: kama fundi aliwahi kumweleza ubovu wa grenda ile. Nilijiandaa kusimama tena, lakini haikuhitajika.

"Tuliwahi kuzungumza," alisema.

Natamani ningeweza kuandika kwamba aliomba radhi. Hakuomba. Alipewa onyo, na mpaka naandika haya bado ni Makamu, bado hukaa viti vya mbele kwenye mahafali, na tukikutana korido hunisalimia kwa upole mkubwa. Yapo makosa ambayo kwa fundi huitwa uzembe na kwa mkubwa huitwa hali ya kutoelewana. Neno hilo ndilo lililotumika katika taarifa ya chuo, nami nililipinga kwa kalamu nyekundu, bila mafanikio. Jackline alipata mafunzo yake kwa vitendo, kwa saini ya Mkuu mwenyewe. Wale wa hoteli ya Mikumi walichukua twiga mmoja, na tembo bado wanamsubiri.

Hilda aliulizwa kama angependa kurudi. Alijibu kwamba atarudi kanuni ya kitambaa ikiwa ya chuo kizima, si yake peke yake, ili siku asipokuwepo isiondoke naye. Dakta Hezekia alikubali pale pale. Mzee Lupakisyo alipopelekewa habari alisema tu kwamba mke wake amerudiwa na mume, na kwamba majoho ya kwaya yamekwisha, kwa hiyo akatoa bendera yake nyekundu ya gengi iliyokuwa chini ya godoro tangu alipostaafu, ikachanwa vipande.

Karakana ilifunguliwa Jumatatu tarehe 10 Machi 2025, ufunguo ukiwa mkononi mwa Hildegarda. Kitambaa cha kwanza kilifungwa siku hiyo na Masunga, kwenye plagi ya grenda ile ile, akitumia mkono wa kulia na meno. Tarehe 24 Machi 2025 swichi mpya ilifungwa, Hildegarda akaibonyeza na kuiachia mara tatu, haikukwama, kisha akamwita Masunga aje akifungue.